Nitajie Mtu Mmoja

Watu wakiniuliza mke wangu anafanya kazi gani, nilikuwa nawajibu, "Anapokea simu." Wakiuliza simu za nini, nasema, "Za watu wanaoshindwa na kompyuta." Hapo mazungumzo yanaisha na mimi narudi kwenye mchanga wangu na saruji yangu. Mimi ni fundi ujenzi. Ukitaka kujua kazi yangu nakupeleka kwenye ukuta, unaugonga kwa ngumi, tumemaliza. Yeye hakuwa na ukuta wa kunionyesha.

Basi nikaanguka. Jukwaa la mbao liliteleza, nikashuka nalo mzima mzima, na mguu wa kulia ukafungwa plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti. Daktari akasema nikae nyumbani nisikanyage chini. Kumwambia mtu kama mimi akae! Nilimnunia daktari, nikamnunia mke wangu, nikainunia mpaka redio. Na kana kwamba hayo hayatoshi, wiki ile ile paa la ofisi yao likafunguliwa lifanyiwe ukarabati, na waliolifungua ni mafundi vishoka wasiosomea kazi, nilipita nikawaona kabla sijaumia. Wafanyakazi wakaambiwa kila mtu abebe kazi yake nyumbani. Mke wangu akaja na kompyuta na simu ya ofisi, akavipanga kwenye meza ya chakula, kati ya kikapu cha vitunguu na pasi. Mimi niko kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Sebule ni hiyo hiyo moja, pa kukimbilia hapakuwapo.

"Nitakusumbua?" akaniuliza.

"Sana," nikamjibu. "Lakini nimezoea."

Akacheka, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti cha simu ili mikono yake ibaki huru kuchapa, na asubuhi ile nikaanza kusikia, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu yote, kile anachokifanya mama wa watoto wangu kutwa nzima.

Ofisi yao ina programu ya kompyuta inayotumiwa na maofisa mipango wa mikoa mbalimbali. Unaiambia, kwa mfano, kwetu kiwanda cha chumvi kinataka kufunguliwa, au hospitali inataka kufungwa. Yenyewe inakisia mkoa mzima utapata nini au utapoteza nini, ajira, mishahara, biashara, mpaka kodi. Ofisa akikwama, au jibu likimshangaza, anapiga simu, na anayejibu ni mke wangu na wenzake wawili. Ana digrii ya uchumi, mama yake ameitundika ukutani juu kuliko picha ya harusi yetu.

Nilitegemea maswali ya mtu kasahau neno la siri. Simu ya kwanza jamaa akaanza na ng'ombe. Kwao kiwanda cha maziwa kilikuwa kinafungwa, programu imempa jibu dogo mno, naye haelewi wafugaji wawekwe wapi.

"Subiri kidogo," mke wangu akamwambia. "Kabla ya takwimu, nitajie mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Mmoja tu anayepeleka maziwa pale. Unayemfahamu. Akishalipwa anaenda wapi?"

Jamaa akaguna. Hata mimi niliguna kwenye kochi langu. Akasema mambo ya mtu mmoja hayamhusu, yeye ana mkoa mzima. Mke wangu akanyamaza, na kimya chake nakijua, akikianza yeye, wewe ndiye utakayekimaliza. Mwisho jamaa akamtaja jirani wa baba yake, mwenye ng'ombe kadhaa. Akilipwa anapita kwa muuza dawa za mifugo. Kisha kwa fundi baiskeli, maana maziwa yanakwenda kwa baiskeli na barabara yao ina mashimo. Muuza dawa je, anazitoa wapi? Mji mkubwa, mkoa mwingine. Fundi baiskeli je? Huyo anakula kwa mama wa chakula wa pale pale, na mama wa chakula ananunua maharage kwa mkulima wa pale pale. Mke wangu anauliza nani, halafu nani, halafu yeye anampa nani, mpaka fedha ikavuka mpaka wa mkoa ndipo akamwachia. Ofisini wamembandika jina kwa ajili hiyo. Wanamwita Bi Nani.

"Sasa rudi kwenye programu," akamwambia. "Wafugaji hukuwaweka. Umeiambia kiwanda kinanunua maziwa kutoka nje ya mkoa."

Upande wa pili jamaa akatoa "aaah" ndefu, ile ya mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akaikuta usoni. Chai yangu ilikuwa imepoa na sikuwa nimeigusa.

Simu zikaja, simu zikaenda. Mmoja anajenga uwanja wa mpira na anaamini utaajiri mkoa mzima. Mwingine anauliza kama daraja likikatika programu inaweza kulia naye. Mke wangu anawajibu wote kwa sauti ile ile, huku anamenya vitunguu. Mchana nikashindwa kuvumilia.

"Hebu nionyeshe mimi," nikasema. "Nionyeshe wajenzi."

Akaigeuza kompyuta. Jamani. Lilikuwa jedwali, lakini jedwali ambalo ukilishusha halishuki likaisha, na ukilisukuma pembeni halioni aibu, linaendelea tu. Kila kazi ya mkoa imo humo, pembeni na juu, na pale mbili zinapokutana pana namba ndogo inayosema huyu ananunua kiasi gani kwa yule. Akanitafutia mstari wa wajenzi. Tulikuwapo! Tunanunua saruji, mbao, mchanga, nondo. Mishahara yetu inakwenda kwa wauza chakula, kwa wauza viatu, kwa vinyozi. Nimesimamisha majengo maisha yangu yote, na kila mara kabla hatujapanga tofali la kwanza mama wa chakula ameshafika na masufuria yake, nikidhani ana pua kali. Kumbe yule mama ana chumba chake humu, na kuna mlango kati ya chumba chake na changu, na mtu ameupima upana. Nilihisi nywele zikinisimama. Sikutaka aone, nikamwambia namba za saruji ni za zamani.

"Ndiyo, ni za zamani," akasema. "Tunazirekebisha mwezi ujao." Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Siku iliyofuata ndiyo ilileta simu yenyewe.

Alipiga ofisa mipango wa mji mmoja mdogo, kijana kwa sauti, mwenye haraka. Alipoutaja mji nikakaa wima, plasta na yote, maana ndipo anapoishi dada yangu. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki. Ni fundi cherehani. Duka lake linatazamana na geti la chuo cha uuguzi, na toka lilipofunguliwa anashona sare za wanafunzi wale, nyeupe zenye ukosi wa bluu. Wateja wengine hana wa kutosha kununulia hata mafuta ya cherehani.

"Chuo kinataka kuhamishwa," ofisa akasema. "Kamati inakaa wiki ijayo. Nimeingiza kila kitu, na nimepata hasara kubwa kweli kweli, ya kutosha kuwazuia wanaotaka kukihamisha. Nataka tu unihakikishie kwamba namba ni sahihi."

Chuo kihamishwe! Dada hakuwa ameniambia. Yeye huwa hasemi jambo mpaka limpate. Nilimwangalia mke wangu, naye akaniinulia kiganja, nitulie.

"Nitajie mtu mmoja," akasema.

"Mama, sina muda."

"Mmoja tu."

"Haya. Kuna fundi cherehani pale mbele ya geti, mama mmoja mwenye maneno. Nimemweka. Nimeweka mauzo yake, ya mama wa chakula, ya mwenye mashine ya fotokopi, maduka yote ya getini."

Mke wangu akaacha kuchapa. "Ofisa, naomba nikuambie mapema. Huyo fundi ni wifi yangu. Ukipenda mwenzangu akujibu badala yangu, nakuunganisha sasa hivi."

Ofisa akacheka. "Mbona ndiyo vizuri! Si utanipa jibu tamu?"

"Nitakupa lile lile ambalo ningempa mwingine. Mishahara ya walimu umeiweka?"

"Nimeweka."

"Matumizi ya wanafunzi, chakula, sare, vyumba?"

"Yote."

"Basi huyo fundi mtoe. Na mama wa chakula, na mwenye fotokopi. Maduka yote ya getini yatoe."

Haki ya Mungu nilitaka kurusha mto. Mke wangu! Anamtoa dada yangu! Nikaanza kuinuka, mguu ukanikumbusha, nikakaa.

"Lakini namba itashuka," ofisa akalalamika.

"Itashuka."

"Karibu nusu!"

"Itashuka, lakini itasimama. Sasa hivi umewahesabu mara mbili. Na jambo jingine, kesho nenda dukani kwake, unipigie ukiwa pale pale. Kuna kitu nataka aseme yeye mwenyewe."

Alipokata simu nikalipuka. Nilisema yote. Nilisema mtu aliyejinyima mkate akanipa mimi, leo anafutwa kwa kidole kimoja na mwanamke niliyemuoa kwa baraka zake. Nilisema kuna watu wanatia chumvi kwenye mambo ya kijinga, yeye chumvi anainyima mahali pa kuokoa duka la mtu. Aliniacha nimalize. Kisha akasogeza kiti, akaniwekea kompyuta mapajani, juu ya plasta.

"Angalia," akasema. "Sijaweka duka lolote. Nimeweka wanafunzi tu na wanachotumia."

Akabonyeza. Namba zikaanza kubadilika, mstari baada ya mstari. Vyumba vya kupanga. Chakula. Usafiri. Halafu akateremka, akateremka, akaweka kidole kwenye mstari mmoja uliosomeka *ushonaji na ukarabati wa nguo*. Hakuna aliyeigusa sehemu hiyo, lakini palikuwa na namba.

"Huyu ni dada yako," akasema. "Imemfikia yenyewe. Imetoka kwa mwanafunzi, imepita getini, imevuka barabara, imemkuta kwenye cherehani. Nikimweka kwa mkono atakuwa wawili, na walio upande wa pili wataleta mtaalamu wao. Akimwona wa pili tu, atawafuta wote wawili, na chuo kitaondoka. Mimi sitaki afutwe."

Nikabaki nimekodolea macho ule mstari. Mashine isiyomjua dada yangu, isiyowahi kusikia cherehani lake, imekwenda ikampata. Nikamwambia anipe maji, na nilipoyapata sikuyanywa.

Hata hivyo hofu haikuondoka. Namba ilikuwa imeshuka kweli, niliiona mwenyewe, na kamati haipendi namba ndogo. Usiku tulilala migongo imetazamana, mmoja kwa hasira zilizobaki, mwingine kwa uchovu.

Asubuhi ofisa akapiga kutoka dukani. Nyuma yake cherehani linakwenda, na sauti ya dada yangu ikamfunika kabla hajasalimia.

"Mwambie huyo mtu wako aongee haraka, nina sare za kukata. Eeh! Mbona sauti kama ya wifi yangu?"

"Ndiye mimi, wifi. Shikamoo."

"Marahaba! Mgonjwa wangu anaendeleaje? Bado ananuna?"

"Ananuna vizuri tu. Wifi, sasa hivi niko kazini, nitakuuliza maswali ya kazi. Mwanafunzi akikulipa sare, hizo fedha wewe unazipeleka wapi?"

Ofisa akanong'ona kwamba hili la nini, mauzo si yameshatolewa. Mke wangu akamweleza kwamba programu inakisia fundi cherehani wa kawaida anatumia kiasi gani mjini kwake na kiasi gani kinatoka nje. Kinachotoka wanakiita uvujaji. Kama mafundi wa pale ni tofauti, lazima isemwe, hata kama itaipunguza namba.

"Kitambaa natoa mji mkubwa," dada akasema. "Uzi pia. Kodi ya duka nampa mzee mwenye nyumba, yuko hapa hapa. Chakula nakula kwa jirani. Zamani nyingi zilikuwa zinakwenda kwa mdogo wangu, ada ya chuo cha ufundi, mpaka alipomaliza masomo yake ya ujenzi. Siku hizi kidogo kidogo tu. Juzi nimemtumia za plasta, kaanguka."

Mke wangu akaniangalia. Nilikuwa nimeshika tama, mguu wangu mweupe mbele yangu juu ya stuli, mnene kama gogo.

"Hizo za plasta zimetoka nje ya mkoa wenu, wifi," akasema polepole. "Kwenye hesabu zinaandikwa kwamba zimevuja."

"Zimevuja?" Cherehani likasimama. "Zimevuja nini? Si zimeenda kwenye mguu wa mdogo wangu!"

Ofisa akaangua kicheko, dada akamwuliza anachekea nini, na mke wangu akawa anachapa huku ameinamisha kichwa asionwe uso. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza ile miaka yote. Ada, madaftari, mwiko wangu wa kwanza, kofia ngumu. Wanafunzi wa uuguzi wanalipa sare getini, sindano inashuka inapanda, na fedha zinavuka mpaka zinapotea kwenye jedwali, huko mwisho, kwenye namba ambayo mkoa hauioni tena. Nilikuwa nimekaa kwenye hiyo namba. Mimi mzima, na kuta zangu zote nilizozisimamisha, ndiyo ule uvujaji. Sikuwahi kujiona mkubwa kiasi kile, wala mdogo kiasi kile, kwa wakati mmoja.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Tulijua siku, hatukujua saa, kwa hiyo kila simu iliyolia ilinipasua moyo. Alasiri ofisa akapiga. Waliotaka kukihamisha chuo walileta mtaalamu kweli, akaja amenoa meno, akaanza moja kwa moja na maduka ya getini. Akayatafuta kwenye karatasi, hakuyakuta. Akauliza kama uvujaji umezingatiwa. Ofisa akasimama akawaeleza uvujaji wa fundi cherehani mmoja, kitambaa, uzi, mpaka mguu, ukumbi mzima ukacheka, na mtaalamu mwenyewe akasema hiyo namba hana la kuipinga. Chuo kinabaki.

"Vizuri," mke wangu akasema. Vizuri tu! Akamshukuru, akakata. Halafu akaweka paji la uso mezani, karibu na vitunguu, akakaa hivyo muda. Nikajiburuta na mikongojo yangu mpaka alipo, nikaweka mkono mgongoni mwake. Nilitaka kumwambia kitu kikubwa, na kilichotoka ni kwamba leo nitapika mimi.

"Kwa mguu upi?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

Simu ikalia. Kuna mtu alikuwa na swali kuhusu machimbo ya mawe. Akajifuta macho kwa kiganja, akabonyeza kitufe. "Kabla ya takwimu," akasema, "nitajie mtu mmoja."

Plasta ilipotoka na mafundi vishoka wakamaliza paa lao, nilifunga safari kwenda kwa dada. Mbele ya duka lake wanafunzi hungoja wamesimama juani, nami nilikuwa nimeamua kumjengea kibaraza chenye paa na benchi la kukalia. Saruji nilinunua duka la pale pale mjini kwao. Mchanga wa mto wa pale pale. Kibarua wa kuchanganya zege ni kijana wa mtaa wa nyuma. Kabla ya kuanza nikampigia mke wangu, nikamkuta ofisini.

"Bi Nani," nikasema, "nina swali la mtumiaji. Fedha zimetoka mfukoni kwangu, nje ya mkoa. Zimeingia hapa, zimenunua vitu vya hapa. Naziandika wapi?"

Akanyamaza, na safari hii nikamwachia kimya chake. "Hizo ni fedha mpya," akasema mwisho, na sauti haikuwa imara. "Hizo ingiza."

Dada alikuwa mlangoni, futi shingoni, ananiangalia ninavyochechemea na ndoo ya zege.

"Wewe!" akaniita. "Kanyaga taratibu. Mguu huo ni mali ya mkoa huu."

Wanafunzi waliokuwa wanangoja sare wakacheka. Nami nikacheka, nikainama kulitafuta tofali la kwanza, na ikanibidi nibaki nimeinama kidogo mpaka macho yaone vizuri.